Ajali Hii Ina Kinga: Tuwafunze Vijana Kukata Nguvu za Trekta

Ajali haina kinga. Ndivyo tunavyofarijiana tunapokutana matangani kumlilia mtu aliyetutoka ghafla, na ndivyo tunavyomwambia jirani aliyerejea kutoka hospitalini akiwa amesaliwa na mkono mmoja. Sina nia ya kuwakosoa wahenga, kwani maneno hayo yalikusudiwa kuwatuliza wafiwa. Hata hivyo, naona kwamba sisi wa leo tumeyageuza kuwa jamvi la kufunikia uzembe wetu. Zipo ajali ambazo kinga yake ilibuniwa kabla ya wengi wetu kuzaliwa, ikatiwa katika mashine kule kule kiwandani, ikakazwa kwa bolti na kupakwa rangi. Ajali ya shafti ya trekta ni mojawapo.

Msomaji anayetoka Trans Nzoia, Uasin Gishu au sehemu za Nakuru anaijua vyema hali ninayoizungumzia. Mahindi yakishakauka, kuanzia mwezi wa Oktoba na kuendelea, mashine za kupukuchulia huanza kuzunguka kutoka boma hadi boma. Nyingi za mashine hizo hazina injini zao zenyewe. Huegeshwa nyuma ya trekta na kuunganishwa nayo kwa shafti ndefu ya chuma, kisha trekta husimama papo hapo ikinguruma, huku nguvu za injini yake zikipita katika shafti hiyo na kuizungusha mashine. Ile ncha yenye meno inayochomoza nyuma ya trekta ndiyo mafundi wetu huiita PTO. Katika makala haya nitaiita shafti ya nguvu.

Aghalabu trekta yenyewe huwa kuukuu. Massey Ferguson 35 na 135 zilizopauka wekundu wake, Ford zilizotengenezwa kabla ya baba wa dereva kuoa, na pengine hata Ferguson ndogo ya kijivu, zote bado zinavuja jasho katika mashamba yetu. Sizikejeli trekta hizi. Injini zake ni nyepesi kufungua, vipuri vyake si adimu, na fundi wa kijijini anaweza kuzirekebisha chini ya mti kwa spana chache na kipande cha turubai. Mkulima wa ekari kumi hawezi kukopa mamilioni ya kununua trekta mpya ilhali ile ya marehemu babake ingali inawaka. Kwa hivyo, anayetuambia kwamba suluhisho ni kuzitupa trekta kuukuu hajui bei ya mahindi wala bei ya trekta.

Suluhisho ninalolipendekeza ni la bei nafuu kuliko hilo, nalo linaanzia darasani. Ni kumwezesha kila kijana anayesoma somo la Kilimo, na kila utingo anayesimama nyuma ya mashine, kulijibu swali moja kuhusu trekta iliyo mbele yake: ukikanyaga klachi ya trekta hii, ni kitu gani kitakachosimama? Swali hili linaonekana jepesi. Lakini jibu lake hubadilika kutoka trekta moja hadi nyingine, na tofauti ya majibu hayo ndiyo tofauti ya mtu kurudi nyumbani mzima au kurudi akiwa amebebwa.

Ili tulielewe swali hilo, yafaa tuanze na historia. Zamani, mashine nyingi za shambani zilizokokotwa na farasi au trekta zilipata mwendo wake kutoka kwa gurudumu lake zenyewe. Gurudumu kubwa la chuma lilisaga ardhi, nalo likavizungusha visu na minyororo. Ardhi ilipokuwa tope, gurudumu liliteleza na kazi ikakwama. Mwaka wa 1906 Mfaransa aitwaye Gougis aliiunganisha injini ya trekta yake moja kwa moja na mashine ya kuvunia aliyokuwa akiivuta. Mnamo 1918 kampuni ya International Harvester ya Marekani ilianza kuuza trekta yake ya 8-16 ikiwa na shafti ya namna hiyo. Kisha katika miaka ya 1920 wahandisi wa kilimo wa Marekani wakakubaliana juu ya kipimo kimoja, ili shafti ya trekta ya kampuni hii iweze kuingia katika mashine ya kampuni ile. Kutokana na mapatano hayo tukarithi shafti yenye meno sita, kipenyo chake milimita 35 hivi, inayozunguka mara 540 kwa dakika.

Mwalimu wa Hisabati anaweza kulichukua somo hapo. Mizunguko 540 kwa dakika ni mizunguko 9 kwa kila sekunde moja. Duara lenye kipenyo cha sentimita 3.5 lina mzingo wa sentimita 11 hivi. Zidisha mara 9. Utapata sentimita 99, yaani karibu mita moja kamili. Maana yake ni kwamba pindo la leso, mkono wa kabuti au uzi wa gunia ukinaswa na shafti iliyo tupu, utavutwa kwa mwendo wa mita moja kwa kila sekunde. Pale penye maungio ya shafti, ambapo chuma ni kinene zaidi, mambo huwa mabaya zaidi. Kipenyo kikiwa sentimita 10, kitambaa kitavutwa karibu mita tatu kwa sekunde. Mwanafunzi na aupime urefu wa mkono wake kutoka kiganjani hadi begani, kisha ajiulize kama ataweza kupiga kelele, dereva asikie, ageuke, aelewe na kuuvuta wenzo kabla ya sekunde moja kwisha. Akishajijibu, hatahitaji kuhubiriwa zaidi.

Basi nguvu hizi hukatwaje? Hapa ndipo trekta kuukuu zinapogawanyika katika vizazi, na kila kizazi kina tabia zake.

Kizazi cha kwanza kinawakilishwa vyema na Ferguson TE20, ile ya kijivu iliyotengenezwa katika mji wa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956, na ambayo zaidi ya nusu milioni zilitoka kiwandani. Trekta hii ina klachi moja tu. Nguvu hutoka katika injini, hupita kwenye klachi hiyo, huingia katika sanduku la gia, na humo ndimo zinamogawanyika. Sehemu moja huenda kwenye magurudumu na nyingine huenda kwenye shafti ya nguvu kupitia wenzo mdogo ulio ubavuni. Kwa hivyo, dereva akikanyaga klachi, magurudumu na shafti hukatiwa nguvu kwa pamoja. Hawezi kuisimamisha trekta huku mashine ikiendelea kufanya kazi.

Mpangilio huu uliwatesa wakulima wa enzi hizo. Chukua mfano wa mashine ya kufunga nyasi. Nyasi zinapokuwa nyingi mno, dereva hutamani kusimama kidogo ili mashine izimeze zile ilizokwisha kuzishika. Lakini akikanyaga klachi, mashine nayo hufa, na nyasi zikabaki zimeikaba kooni. Hana budi kushuka kwenda kuzichopoa kwa mikono. Huo mkono unaoingia mashineni kuchopoa nyasi au magunzi ndio ninaouhofia katika makala haya yote.

Taabu ya pili ni ya ajabu zaidi, na wengi hawaijui mpaka iwakute. Mashine ya kukata nyasi ina visu vizito. Visu hivyo vikishashika kasi, havisimami papo hapo kwa sababu tu nguvu zimekatwa. Katika trekta yenye klachi moja, uzito huo unaozunguka hurudisha nguvu nyuma kupitia shafti, ukaingia katika sanduku la gia na kuyasukuma magurudumu. Dereva amekanyaga klachi hadi mwisho, injini imeachana na gia, na bado trekta inaendelea kusonga kuelekea ua, mtaro au mtoto aliyesimama mbele. Mashine iliyokokotwa sasa ndiyo inayoikokota trekta.

Wahandisi waliitibu taabu hiyo kwa kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye ncha ya shafti. Kifaa hicho hupitisha nguvu upande mmoja tu: kutoka kwa trekta kwenda kwa mashine. Mashine ikitaka kuisukuma trekta, kifaa huteleza na kuiacha izunguke peke yake mpaka ichoke. Mwanafunzi yeyote aliyewahi kupanda baiskeli anakifahamu. Ni friwili ile ile inayomruhusu kuacha kupiga pedali anapoteremka mlima huku gurudumu likiendelea kuzunguka. Lakini tuzingatie vizuri: friwili huilinda trekta isisukumwe, haiisimamishi mashine. Kinyume chake, huiacha mashine huru iendelee kuzunguka kwa muda mrefu zaidi. Mtu asiyeelewa jambo hilo ataiona trekta imetulia, adhani hatari imepita, na kuusogeza mkono wake.

Kuna siri ya tatu katika Ferguson hiyo. Pampu ya haidroliki, inayoinua plau na vifaa vingine vya nyuma, huzungushwa na shafti ile ile ya nguvu. Ukiuondoa wenzo ili shafti isizunguke, plau nayo haitainuka. Matokeo yake ni kwamba dereva wa trekta ya aina hii huzoea kuuacha wenzo umeingia kuanzia asubuhi hadi jioni, awe anaitumia shafti au haitumii, na ile ncha huendelea kuzunguka nyuma yake bila kuulizwa. Ndiyo maana waundaji walitoa kifuniko cha kuivika. Kifuniko hicho kikipotea, mtu anayepita nyuma ya trekta iliyobeba plau tu anaweza kunaswa na chuma ambacho hakuna aliyekihitaji.

Kizazi cha pili kilianza baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Kampuni ya Cockshutt ya Brantford, Kanada, ilitoa trekta iliyoitwa Cockshutt 30 ambayo shafti yake ya nguvu ilikuwa na klachi ya pekee, isiyotegemea ile ya magurudumu. Sasa mkulima aliweza kusimama huku mashine ikiendelea kula nyasi. Wazo hilo lilienea, na sisi tulilipokea hasa kupitia Massey Ferguson 35 ya mwishoni mwa miaka ya 1950 na ile 135 iliyoanza kutengenezwa mwaka wa 1964. Nyingi za trekta hizo zina klachi mbili zinazotumia pedali moja. Ukiikanyaga pedali nusu, magurudumu husimama ilhali shafti inaendelea. Ukiikanyaga mpaka chini, shafti nayo hukatiwa nguvu.

Hapa sharti msomaji aone hatari iliyojificha ndani ya manufaa. Dereva aliyejifunzia kazi kwenye trekta ya klachi moja amezoea kwamba mguu wake ukigusa pedali na trekta ikisimama, basi kila kitu kimesimama. Mkabidhi 135 yenye klachi mbili, naye atakanyaga nusu kama alivyozoea. Magurudumu yatatulia, moyo wake utatulia, lakini shafti itakuwa ingali inazunguka mara 9 kwa sekunde. Fauka ya hayo, si kila 35 wala kila 135 ilitolewa na klachi mbili. Zipo zilizouzwa na klachi moja, na kwa kuzitazama kwa nje, rangi ni moja na umbo ni moja. Mbili zaweza kusimama katika boma moja kama mapacha, ilhali kila moja ina jibu lake kwa swali letu.

Isitoshe, miaka nayo ina yake. Klachi huchakaa, na pedali isiporekebishwa kwa kipimo kinachofaa, ile hatua ya pili huenda isikatike sawasawa. Dereva anakanyaga mpaka chini na shafti bado inaburutwa polepole. Tena wenzo wa shafti katika trekta hizi una nafasi tatu. Nafasi moja huifanya shafti ifuate injini. Ya kati huiacha huru. Ya tatu huifanya ifuate magurudumu, yaani izunguke trekta inapokwenda na isimame trekta inaposimama. Mtu akiukuta wenzo katika nafasi hiyo ya tatu na trekta imesimama, ataiona shafti imelala kimya na kudhani imekatwa. Trekta ikisukumwa hata hatua chache, chuma kilicholala kitaamka.

Baadaye kikaja kizazi cha tatu, ambacho shafti yake huwashwa na kuzimwa kwa wenzo wa mkono usiohusiana kabisa na pedali ya mguu. Ndani yake mna sahani nyembamba zinazobanwa kwa mafuta ya haidroliki, na nyingi huwa pia na breki ndogo ya kuizuia shafti baada ya kukatwa. Haya ni maendeleo makubwa. Hata hivyo, mafuta yakiwa mazito na baridi, sahani zinaweza kuburutana na shafti ikaendelea kujizungusha kivivu. Na katika trekta ya namna hii, dereva atakayekanyaga klachi ya mguu akitarajia kuisimamisha shafti atakuwa amekanyaga bure.

Kutokana na maelezo hayo yote, nawaomba walimu wawafafanulie wanafunzi mambo matatu ambayo watu huyachanganya. Kukata nguvu ni jambo moja. Kusimama kwa mashine ni jambo la pili. Kuhakikisha kwamba haitaanza tena ni jambo la tatu. Klachi na wenzo hukata nguvu, basi. Kusimama huja baadaye, uzito unaozunguka ukishaishiwa na mwendo, na njia pekee ya kulithibitisha ni kusubiri na kuitazama shafti kwa macho mpaka itulie. La tatu hupatikana kwa kuizima injini yenyewe. Asiyeyatimiza yote matatu hana ruhusa ya kutia mkono mashineni, hata kama amefanya kazi hiyo miaka thelathini.

Nalo hilo la kuzima injini lina mtego wake katika trekta kuukuu. Vijitabu vya trekta mpya hutuambia tuzime na kuuchomoa ufunguo. Lakini katika trekta nyingi za zamani zinazotumia dizeli, ufunguo hauizimi injini hata kidogo. Huzimwa kwa kuvuta kitufe kinachokata mafuta. Mtu anaweza kuutia ufunguo mfukoni na kutembea nao huku injini ikinguruma nyuma yake. Mwalimu anayefundisha kutoka kitabuni bila kuitazama trekta ya shule ataipitisha kanuni isiyofaa trekta hiyo.

Sasa tuje kwa binadamu, kwa sababu mashine haijawahi kumnyoshea mtu mkono. Mbona dereva hazimi injini wakati magunzi yamekwama? Wengi wetu tutasema ni uvivu au ujinga. Mimi nasema tuitazame betri kwanza. Trekta nyingi kuukuu zina betri iliyokufa au mota ya kuwashia isiyo na nguvu. Kuiwasha tena ni mpaka isukumwe na watu sita, au iwe imeegeshwa kwenye mteremko. Kazi nayo hulipwa kwa gunia, si kwa saa. Jua linazama, wingu linatanda, na mwenye mahindi anataka yaingie ghalani kabla ya mvua. Katika hali hiyo, kuzima injini ni hasara ya wazi ambayo kila mtu anaiona, ilhali mkono unaoweza kukatika ni hasara ambayo hakuna anayeamini itamfika. Mwenye trekta anayekataa kununua betri anadhani amehifadhi pesa zake. Ukweli ni kwamba amelipitisha deni kwa utingo, na utingo atalilipa kwa vidole.

Jambo lingine ni kwamba mwenye kuushika wenzo siye aliye hatarini. Dereva yuko mbele kitini, amewapa wenzake kisogo, na mngurumo umemziba masikio. Walio nyuma, wanaolisha mashine mahindi na kukinga magunia, ndio walio karibu na shafti, lakini hawawezi kuufikia wenzo. Miongoni mwao wamo akina mama waliojifunga leso kiunoni wakiokota punje zilizomwagika, na vijana wa shule waliokuja kutafuta karo wakati wa likizo. Kundi la namna hiyo linahitaji mapatano kabla ya kazi kuanza: nani anatazama nyuma, ni ishara gani ya mkono inayomaanisha kata, na nani peke yake mwenye idhini ya kusema washa. Mapatano hayo hayagharimu hata shilingi moja.

Kisha kuna ile kinga yenyewe. Shafti inayounganisha trekta na mashine hutoka kiwandani ikiwa imevikwa bomba la plastiki au bati, lenye mnyororo mdogo wa kulizuia lisizunguke pamoja na chuma. Shafti huzunguka ndani, bomba hutulia nje, na nguo ikiligusa bomba hainaswi. Siku moja bomba hilo huvuliwa ili maungio yapakwe grisi. Jioni hiyo halirudishwi. Msimu unaofuata linaonekana limetupwa nyuma ya ghala, kuku wanalalia ndani yake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka sehemu hatari za mashine zikingwe, na shamba ni mahali pa kazi kama kiwanda kilivyo mahali pa kazi. Lakini mkaguzi hawezi kufika katika kila boma la Moi's Bridge au Kitale siku ya kupukuchua. Mwenye trekta ndiye mkaguzi wa kwanza, na mfanyakazi anayekataa kusogea karibu na shafti iliyo uchi ndiye wa pili.

Hapo ndipo ninapowageukia walimu. Katika mfumo wa 8-4-4, unaofikia ukingoni, somo la Kilimo katika kidato cha nne limekuwa na mada kuhusu nguvu na mitambo ya shambani. Wanafunzi wetu wanaweza kukariri kazi za klachi bila kukosea hata moja, wakazawadiwa alama zote. Lakini mwanafunzi huyo huyo, likizo ya Desemba ikimkuta nyuma ya mashine ya kupukuchulia, hajui kwamba pedali ya trekta iliyo mbele yake ina hatua mbili. Elimu imemfikisha katika mtihani, haikumfikisha shambani. Mtaala wa umilisi unajinadi kuwa wa vitendo. Basi hili na liwe mojawapo ya vitendo vyake.

Shule isiyokuwa na trekta isijitetee kwa umaskini. Ipindue baiskeli chini juu, mwanafunzi azungushe pedali kwa mkono kisha aiachie. Gurudumu la nyuma litaendelea kuzunguka. Mwulize: nguvu zimekatwa? Naam. Mashine imesimama? La. Achukue saa na kuhesabu ni sekunde ngapi zitapita kabla ya gurudumu kutulia. Kisha achukue kijiti chenye unene wa shafti, afunge uzi, na kukizungusha mara 9, ili aone ni uzi wa urefu gani uliomezwa. Darasa la namna hiyo halihitaji maabara, na mtoto aliyelipitia hatalisahau akiwa mtu mzima. Shule iliyo na trekta nayo iende hatua moja mbele: wanafunzi waikague na kuandika, kwa rangi isiyofutika, karibu na pedali na karibu na wenzo, kila kimoja kinasimamisha nini na hakisimamishi nini.

Na maandishi hayo yawe kwa Kiswahili. Trekta hizi zilitujia na vibandiko vya onyo vilivyoandikwa kwa lugha za kigeni, na vingi vilishabanduka. Hata vingelikuwapo, utingo aliyeacha shule akiwa darasa la tano asingenufaika navyo. Tunapenda kusema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa kwenye mashairi na mashindano ya tamasha. Onyo linalookoa mkono wa mfanyakazi ni kazi ya heshima kwa lugha hiyo pia. Walimu wa Kiswahili na walimu wa Kilimo wakikaa meza moja kwa alasiri moja, wataweza kutunga maneno machache yanayoeleweka na kila mtu: kata nguvu, ngoja itulie, zima injini, ndipo uguse.

Yamkini atatokea mzee wa kuniambia kwamba ameendesha trekta yake tangu miaka ya sabini bila kinga wala kifuniko, na vidole vyake vyote kumi vingali mahali pake. Namheshimu mzee huyo na namshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini namwomba akumbuke kwamba yeye anaifahamu trekta yake kama anavyomfahamu mkewe: anajua pedali inakata wapi, anajua wenzo unakwama wapi, anajua shafti huchukua muda gani kutulia. Maarifa hayo yamo kichwani mwake peke yake. Kijana atakayeikodi trekta hiyo msimu ujao atapewa ufunguo tu. Mzee amkalishe chini, amwonyeshe kila alijualo, maana urithi wa trekta bila urithi wa maarifa ni kumrithisha mtoto mzigo wa hatari.

Kwa hivyo, wenye trekta na warudishe vifuniko na mabomba kabla ya mavuno yajayo, na wanunue betri. Madereva na wajue pedali zao. Walimu na wawatoe wanafunzi nje ya darasa. Wazazi na wawaulize wana wao, kabla ya kuwaruhusu kwenda kutafuta vibarua, kama wanalijua jibu la swali letu. Na siku tutakapokutana tena matangani, tujiulize kwa unyofu kabla ya kuutamka ule msemo wa wahenga: kinga haikuwapo kweli, au ilikuwa nyuma ya ghala?